Susu Aja na Nusu Gunia la Mahindi

Katika nchi yetu ya Ukambani wageni ni wa namna nyingi. Yuko mgeni wa saa moja, apewaye chai akaenda zake. Yuko mgeni wa msiba au wa arusi, ambaye hulala siku mbili tatu kisha akarudi kwake. Na yuko mgeni ambaye kwa kweli si mgeni, naye ni mzazi wa mwenye nyumba. Huyu wa tatu haulizwi atakaa siku ngapi. Akifika, kitanda kizuri ni chake, kiti cha karibu na mlango ni chake, na watoto ni wake. Nataka leo kuwaeleza wasomaji mambo yatokeayo nyumbani siku za ugeni wa namna hii, kwa kuwa naona yameandikwa machache sana juu yake, na hali yanamhusu kila mtu mwenye mama.

Mimi ni karani wa Serikali, na kazi hii, kama wajuavyo wenzangu, ni kazi ya kuhamishwa. Watoto wangu wawili wakubwa, mvulana na msichana, walizaliwa Nakuru. Wa tatu ana miezi mitano, naye amezaliwa hapa hapa Matiliku, katika Makueni. Matiliku ni mji mdogo wa soko, usio mbali na kilima cha Nzaui. Una maduka, hospitali na shule, na mtu atokaye kwenye reli au barabara kuu ya Mombasa hushuka Emali akapanda gari dogo la kumleta huku. Tumepanga vyumba viwili nyuma ya maduka. Mama yangu anakaa ng'ambo ya Mto Athi, upande wa Mutomo katika Kitui, na umri wake umepita miaka sabini.

Safari yake zamani ingalikuwa ya vumbi na kungojea magari, lakini siku hizi barabara itokayo Kitui kwa Mutomo hadi Kibwezi imetiwa lami. Alipanda asubuhi, akavuka Athi, akabadili gari Kibwezi, akabadili tena Emali, na kabla ya jua kutua alikuwa ameketi kwetu akinywa maji. Nauli hakuniomba. Mwaka 2018 Serikali ilianza kuwalipa wazee wote waliotimiza miaka 70 shilingi 2,000 kila mwezi, na mama hujivunia fedha ile kuliko mimi nijivuniavyo mshahara wangu. Alisema, "Nimekuja kwa fedha zangu, na nitarudi kwa fedha zangu." Basi nikanyamaza.

Mizigo aliyokuja nayo yastahili kuhesabiwa. Kulikuwa na kiondo alichokisuka mwenyewe kwa uzi wa katani alioupota juu ya paja. Ndani yake mbaazi, kunde na pojo. Kulikuwa na asali ya Mutomo katika kibuyu kilichozibwa kwa kitambaa, na jogoo mmoja aliyefungwa miguu, ambaye utingo wa gari alimtoza nauli. Na mwisho kulikuwa na nusu gunia la mahindi ya mavuno ya mvua za vuli, ambazo kwetu Ukambani ndizo mvua za kutegemewa. Gunia hili ndilo litakalotushughulisha zaidi hapo mbele.

Kwanza yalikuja maamkio. Desturi yetu ni kwamba mkubwa humwambia mdogo "Wakya," naye mdogo huitika "Aa." Mvulana wangu amekwisha kukaa mwaka mzima na watoto wa Matiliku, aliitika vema. Lakini dada yake mdogo, ambaye Kikamba chake ni cha kuokota njiani, alimtazama nyanya yake usoni akajibu, "Poa." Mama aliniuliza neno lile ni la kabila gani. Mke wangu alicheka mpaka akaingia jikoni. Sioni haya kulisimulia jambo hili, maana najua makarani wengi ambao watoto wao hawajui hata "Aa" yenyewe. Katika Kenya tangu ripoti ya Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 imekubaliwa kwamba mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya mahali pale alipo. Walakini mtoto wa mtu ahamishwaye kila miaka minne ana lugha za mahali pengi, na lugha ya nyanya yake ndiyo apatayo mwisho.

Mvulana yule alipewa jina la marehemu baba yangu, kama ilivyo desturi ya kifungua mimba wa kiume. Kwa sababu hiyo mama humwita "mume wangu." Humwuliza, "Mume wangu, leo umeniletea nini kutoka sokoni?" Naye mtoto, ambaye ana miaka minane, hapo kwanza aliona aibu mbele ya rafiki zake, lakini siku ya tatu nilimkuta akimletea nyanya yake chungwa alilolinunua kwa fedha yake, akampa bila ya neno. Msichana naye ana jina la mama mwenyewe, na mimi humwita "mwaitu," yaani mama yangu. Basi katika vyumba vile viwili kulikuwa na mume mwenye miaka minane, na mama wawili, mmoja wao akijifunza kusoma herufi. Mgeni asiyejua mila zetu angalidhani tumepotewa na akili.

Mama alimweleza msichana asili ya majina mengine ya Wakamba: kwamba Wambua na Mumbua ni watoto waliozaliwa wakati wa mvua, Kioko ni wa asubuhi, Mutuku ni wa usiku, na Wayua ni wa wakati wa njaa. Yeye mwenyewe njaa anazijua kwa majina yake. Alikuwa msichana mdogo mwaka 1961, ukame ulipofuatwa na mafuriko na chakula kikaletwa kwa ndege, hata watu wakaiita Yua ya Ndeke, Njaa ya Ndege. Mwaka 1984 alikuwa mama wa watoto, na njaa ile iliitwa Nikw'a Ngwete, maana yake mtu hufa na fedha mkononi, kwa kuwa chakula cha kununua hakikuwako. Watoto walimsikiliza kama wasikilizavyo habari za mpira. Msichana aliuliza kama ndege zile zilidondosha mikate pia.

Jambo moja lilinisumbua moyoni, nalo ni udogo wa nyumba. Mimi na mke wangu na mtoto mchanga tulilala chumba cha mbele, mama na wajukuu wakalala cha ndani. Ukuta ulio katikati ni mwembamba, hata kikohozi hupita. Lakini lau mgeni angalikuwa mama wa mke wangu, taabu ingalikuwa kubwa zaidi. Kwa mila ya Wakamba kuna heshima iitwayo nthoni, baina ya mtu na mama mkwe wake. Wazee wa zamani hata njiani walipishana kwa kujificha, wala mama mkwe hakulala katika nyumba ya mkwewe. Siku hizi wengi wameilegeza, lakini nawajua watu wa makamo hapa Matiliku ambao wakitembelewa na mkwe humtafutia malazi kwa jirani, na mimi siwacheki. Nyumba za kupanga zimejengwa na watu wasiofikiri habari za nthoni.

Usiku ulikuwa wakati wa hadithi. Televisheni tulikuwa nayo, lakini mama aliuliza kama kile kisanduku hulala saa ngapi, na mke wangu akaelewa akakizima. Kisha husikia: "Kwata ndai!" na watoto wakaitika, "Nakwata!" na kitendawili kikategwa. Baada ya vitendawili zikaja hadithi za sungura na fisi, na za mazimwi yenye kula watu. Mkamba mwenzetu, Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Mulango katika Kitui, aliyefariki mwaka 2019, alizikusanya hadithi nyingi za namna hii, akazichapisha kwa Kiingereza mwaka 1966 katika kitabu chake kiitwacho Akamba Stories. Kitabu hicho nilikisoma nilipokuwa shuleni kwa misheni, na nilikipenda. Lakini kitabu hakiwezi kubadilisha sauti kikawa fisi, wala hakimwambii mtoto asinziaye, "Wewe, zimwi limekuona."

Siku moja ya Jumamosi tulitoka tukaenda mahali pa kukiona kilima cha Nzaui vizuri. Mama aliwaambia watoto habari ambayo Wakamba wengi wanaijua, kwamba Mulungu aliwateremsha mtu wa kwanza na mkewe juu ya Nzaui, na kwamba nyayo zao zaonekana katika mwamba hata leo. Mvulana aliuliza nyayo zile ni za namba gani ya viatu. Mama alijibu kwamba wakati ule Mulungu alikuwa hajaumba fundi wa viatu. Naona jibu lile ni bora kuliko ambalo ningalilitoa mimi.

Haya basi, nisiwafanye wasomaji kudhani kwamba siku zote zilikuwa za kicheko. Mama na mke wangu wanapendana, lakini walihitilafiana juu ya mtoto mchanga. Mama alimwona analia jioni, akasema ana njaa, apewe uji mwepesi kama tulivyopewa sisi sote tukakua. Mke wangu alijibu kwa adabu, "Mwaitu, kliniki wamesema maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita itimie, wala hata maji asipewe." Mama alisema kwamba hao wa kliniki wamezaa watoto wangapi. Mke wangu hakujibizana naye. Alichukua kile kijitabu cha mama na mtoto akamwonyesha mstari wa uzani jinsi unavyopanda mwezi baada ya mwezi. Mama hasomi, lakini mstari upandao anaujua. Alimchukua mtoto akamfunga mgongoni, akatembea naye uani akiimba, na kilio kikaisha. Tangu siku hiyo jioni zote mtoto alikuwa mgongoni kwa nyanya yake, na uji haukutajwa tena.

Sasa nirudie gunia. Siku ya tano mke wangu alilifungua ili atoe mahindi ya kukoboa, apike muthokoi kwa mbaazi. Alipoyamwaga katika ungo aliona punje kadha wa kadha zina rangi ya kijani kibichi na ya kijivu karibu na kiini, na harufu yake haikuwa njema. Aliyarudisha, akapika wali, akasema mbaazi hazikulainika. Usiku alininong'oneza. Tulilala macho wazi, na mama yuko nyuma ya ule ukuta mwembamba.

Mtu asiye wa kwetu aweza kuuliza, kuna taabu gani? Mahindi yameoza, yatupwe. La, si hivyo. Mzee aliyelima kwa jembe lake, akavuna, akalipa nauli ya gunia lile kuvuka Athi ili wajukuu wake wale, ukimwambia chakula chake ni kibaya, ni kama kumwambia mkono wake ni mbaya. Jambo la namna hiyo lamweza mke wa mtu kuliko lamwezavyo mwana, maana itasemwa kwamba yeye ndiye aliyekataa chakula cha mama mkwe.

Lakini na hatari yenyewe si ndogo, na watu wa Makueni na Kitui waijua kuliko watu wote wa Kenya. Ukungu wa namna ile hutoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo wataalamu huiita aflatoksini. Huharibu ini, mgonjwa hutapika, tumbo hujaa, macho huwa manjano. Kupika hakuiondoi, wala kusaga hakuiondoi. Mwaka 1981 watu 20 wa wilaya ya Machakos, ambayo wakati ule ilichukua na Makueni pia, waliugua ini kwa sababu ya mahindi yao, na 12 kati yao walikufa. Kisha mwaka 2004 ikaja balaa kubwa zaidi: watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao wa Makueni na Kitui. Mahindi ya sokoni yalipopimwa katika wilaya zile, zaidi ya nusu yalikuwa yamepita kipimo cha sumu kilichoruhusiwa. Na hata palipo na sumu ndogo isiyoua, haifai kwa mtoto: watafiti waliowapima watoto wa Benin na Togo, wakaandika habari zao mwaka 2002, waliona kwamba waliokuwa na sumu hii nyingi zaidi katika damu ndio waliokuwa wafupi na wepesi kuliko wenzao.

Asubuhi sikuanza na gunia. Nilimwuliza mama tukinywa chai, "Mwaitu, mwaka 2004 kule kwetu ilikuwaje?" Alikaa kimya kidogo. Akasema, "Ilikuwa nyumba kwa nyumba. Watu walifikiri ni uchawi. Mbwa walikufa, nasi tukasema mbwa nao wamelogwa na nani?" Kisha akasimulia jinsi chifu alivyokusanya baraza akawaambia mahindi yenye ukungu yafukiwe, na jinsi watu walivyoyafukia mchana, na wengine wakayafukua usiku kwa sababu ya njaa. Alipofika hapo aliniangalia. Mama yangu si mtu wa kuambiwa neno mara mbili. Akauliza, "Ni hili gunia langu?"

Nilimwambia tulipime pamoja. Njia hii ni rahisi, na kila mwenye shamba aweza kuifanya. Twaa chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, yenye kifuniko. Tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyo kavu, tia na mahindi kiasi cha theluthi ya chupa, funga, utikise sana, kisha uiache kwa muda wa robo saa. Chumvi ikianguka chini bila ya kushika kioo, mahindi yamekauka vya kutosha kuwekwa. Ikishikamana na kioo, bado yana maji mengi. Angalieni, kipimo hiki chaonyesha unyevu, hakionyeshi sumu; mahindi makavu yaweza kuwa yaliingiwa na sumu tangu shambani, nayo hiyo yahitaji mashine ya wataalamu. Mvulana ndiye aliyetikisa chupa. Chumvi ilishika kioo chote kama umande.

"Yaliwekwa wapi?" nikauliza. Akasema ikumbi lake liliinama mwaka juzi, likaliwa na mchwa, na vijana wa kulijenga upya wako Nairobi na Mombasa. Isitoshe aliogopa wezi. Basi aliyavuna, na mvua ikanyesha tena yakiwa uani, akayatia magunia hali hayajakauka sawasawa, akayapanga chumbani mwake, karibu na kitanda.

Wasomaji, katika uchunguzi uliofanywa mwaka 2004 baada ya vifo vile, jambo mojawapo lililoonekana ni hilo hilo: walioyaweka mahindi mabichi ndani ya nyumba waliugua kuliko walioyaweka katika ghala. Ikumbi la wazee wetu, lililosukwa kwa fito kama kapu kubwa, likainuliwa juu ya nguzo na kuezekwa kwa nyasi, lilikuwa na akili ndani yake: upepo ulipita pande zote, na unyevu wa ardhi haukulifikia. Sisi tuliosoma tuliyaona makumbi kuwa ni mambo ya kizamani, tukawanunulia mama zetu magunia ya plastiki.

Mama hakungoja niseme la kufanya. Alimwuliza mke wangu kama jogoo ale mahindi yale. Mke wangu akasema hata kuku hawafai kuyala. Basi akaomba jembe. Tulichimba shimo nyuma ya choo, akayamwaga mwenyewe, kidogo kidogo, nusu gunia zima, akafukia, akakung'uta gunia. Machozi sikuyaona, lakini siku ile hakula mchana. Jioni mke wangu alipika mbaazi zake na kunde zake, akamwita binti yetu akasema, "Onja chakula cha Susu, hakuna kama hiki Matiliku." Na ulikuwa mlo mzuri kweli kweli. Jogoo tulimchinja Jumapili.

Habari nyingine nilizipata kwa afisa wa kilimo, nazo zafaa zijulikane. Mahindi yakaushwe juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu, hata unyevu usipite sehemu 13 na nusu katika mia. Iko mifuko ya tabaka mbili tatu isiyopitisha hewa, inayochukua kilo 90, ambayo huua na dumuzi bila ya dawa. Lakini ukiyatia humo mahindi yasiyokauka umejidanganya. Tena iko dawa iitwayo Aflasafe, iliyoandikishwa Kenya mwaka 2015: ni kuvu wasio na sumu, hutiwa juu ya punje za mtama zilizokwisha kuuawa zisiote, zikanyunyizwa shambani wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua, nao huwafukuza wale wenye sumu wasipate nafasi. Nilipomweleza mama, aliuliza kama na sisi watu hatuwezi kunyunyiziwa.

Niliomba likizo ya siku saba nikampeleka kwake Mutomo. Magunia mengine manne yaliyokuwa chumbani tuliyachambua. Mawili yalikwenda shimoni, mawili yalianikwa juu ya turubai nililolinunua Emali, akayalinda yeye mwenyewe na mbuzi kwa fimbo, na nimepeleka sampuli ipimwe kabla hajayala. Wana wa ndugu yangu walikata nguzo na fito. Mimi na vijana wale tulikuwa mikono. Kichwa kilikuwa mama, ameketi juu ya kigoda, akisema fito ile imepinda, iondolewe. Nguzo sita zilitiwa vikombe vya bati ili panya wasipande, jambo ambalo halikuwa katika makumbi ya zamani, naye alilitazama kwa muda mrefu, mwisho akakubali. Mlango ulitiwa kufuli kwa ajili ya wezi.

Shule zikifungwa mwezi wa Agosti watoto wawili watakwenda kukaa naye wiki tatu. Msichana sasa huitika "Aa" hata akiitwa na mwalimu wake. Mvulana ameniuliza mara mbili kama mume wa mwenye ikumbi aruhusiwa kupanda juu yake.